Kadi Iliyojaribiwa Mikumi

Zombo, Jumanne jioni

Nilimwambia Hamisi, mjukuu wangu, kadi ya intaneti ya kishikwambi aijaribu hapa kijijini, si Mikumi chini ya mnara wa simu. Hakusikia. Kachagua yenye kasi.

"Bibi, dukani ilikuwa inaruka!"

"Hata panzi anaruka. Utamtuma akuletee habari za mto?"

Hapa kwetu taa ya mtandao kwenye kishikwambi inawaka, inazimika. Watu wa juu ya mto hututumia ujumbe maji yakipanda. Leo hakijaingia kitu.

Milimani kumekuwa kweusi. Nikamtuma Hamisi akawaambie wa bondeni wahame. Wamemcheka: "Kishikwambi chako kimenyamaza, wewe unatutishia nini?"

Najifunga kanga niende mwenyewe. Mto nausikia mpaka humu ndani, na hapa mvua haijanyesha hata tone.