Maneno Niliyoshindwa Kumtafsiria Daktari wa Meno

Mama yangu mpendwa,

Nakuandikia kutoka hapa kambini Dzaleka, nimekaa mbele ya cherehani na kazi nimeiweka pembeni. Kila Jumapili tunaongea kwa simu, lakini simu ina watu wengi. Wajukuu wako wanataka kukusalimu, na kaka Asukulu anataka kunisimulia baridi ya huko mliko. Neno nililonalo si la kusemwa katikati ya kelele hizo.

Nilipokuwa darasa la sita uliniletea shuleni daftari nililosahau. Ukacheka na mwalimu, na wasichana wenzangu wakaona pengo lako, meno matatu ya mbele, juu. Jioni nikakuomba usiwe unacheka mbele ya rafiki zangu. Hukunigombeza. Ulisema tu, "Sawa, mama," ukaendelea kusonga ugali. Tangu hapo ukawa unacheka umeziba mdomo kwa kitenge. Mimi nilidhani meno yako yalioza tu kama ya watu wengine, na sikuwahi kuuliza.

Baadaye ukatengenezewa meno ya kuvaa na kuvua. Yalichomoka kanisani katikati ya wimbo, yakaangukia kitabu cha nyimbo, na bamama wote wakaona. Ulicheka nao mpaka machozi, lakini nyumbani uliyafunga kwenye kitambaa na hukuyavaa tena. Na kuimba ukaacha. Ndiyo sababu Asukulu, alipopata kazi ng'ambo, alisema atagharamia kwanza mdomo wa mama.

Tulipanda kabaza, baiskeli za abiria, mpaka barabarani, kisha basi dogo mpaka Lilongwe. Daktari alikuwa mama wa Kimalawi mwenye sauti ya chini. Yeye aliongea Chichewa, wewe Kiswahili chetu, na mimi nikakaa katikati kama mkalimani. Alieleza kwamba anaweza kuingiza skrubu ndogo za titani ndani ya mfupa wa taya. Mfupa ukishazishika, baada ya miezi kadhaa, juu yake anafunga meno ambayo hayavuliwi.

"Njo kusema anapanda jino kama muhogo?" ukaniuliza.

Nilipomtafsiria alicheka, akasema ndiyo, ila muhogo huu hauvunwi. Ukataka kujua kama mfupa wa bibi wa miaka sitini na saba utakubali. Akajibu kwamba umri peke yake haukatazi. Anachoangalia ni ugonjwa wa sukari, dawa unazotumia, hali ya ufizi na unene wa mfupa. Kisha akapiga picha ya taya, akaonyesha mahali mfupa ulipokonda kwa sababu ulikaa miaka mingi bila meno. Akauliza yalitoka lini, na kwa nini.

Ulimtazama yeye, si mimi.

"Siku ya kukimbia vita kwetu Fizi," ulisema. "Tulikuwa tunashuka mulima, mvua inanyesha, namubeba huyu mu mugongo. Muguu ikateleza. Nikiangukia mugongo, namuponda mutoto. Njo nikatanguliza uso."

Daktari akanigeukia, akisubiri. Mama, Chichewa nakijua tangu utoto. Siku ile nilipata neno moja tu: "Anagwa." Alianguka. Akaliandika kwenye karatasi yake, tukaendelea na mambo mengine.

Kwanza alikuongezea mfupa, tukangoja. Akaja akaweka skrubu mbili za kubeba meno yote matatu, tukangoja tena. Miezi hiyo ulikula nsima, ugali wa huku, laini kwa mchuzi, na kila asubuhi uliniuliza, "Unafikiri imeshika?" Nikawa najibu kwamba imeshika, bila kujua lolote. Daktari alionya kwamba jino la namna hii halitoboki, lakini ufizi wake unaweza kuugua. Basi ulipiga mswaki kwa bidii mpaka wajukuu wakaanza kukuiga.

Siku ulipofungiwa meno yako matatu, uliomba kioo, ukayahesabu moja moja kwa kidole. Jumapili iliyofuata ulisimama kuimba. Sauti ilikuwa imeshuka kidogo, lakini maneno yalitoka safi. Bamama walilia. Mimi nilitoka nje nikajifanya natafuta mtoto.

Baadaye jina lako likatoka kwenye orodha ya wakimbizi wanaohamishiwa ng'ambo, ili umfuate Asukulu. Langu likabaki, kwa kuwa niliolewa nikahamia faili ya mume wangu. Siku ya kuondoka nilikufunga vifungo vya sweta, nikakukumbusha dawa na karatasi zako. Nilisema yote isipokuwa neno hili ninalokuandikia leo.

Wiki iliyopita mvua ilinyesha sana. Nilikuwa natoka bombani, mtoto wangu wa mwisho yuko mgongoni, nikateleza kwenye tope. Nilijikuta nimeinama mbele kabla sijafikiri chochote. Nikashika uzio wa jirani, hatukuumia. Lakini nilibaki pale nimeukumbatia ule uzio mpaka jirani akatoka kuuliza nina nini. Nilielewa kwamba kule mlimani hukuwa na muda wa kuchagua. Ulikuwa umeshachagua tangu siku niliyozaliwa.

Nilikuonea aibu kwa jeraha ulilolipata ukiniokoa, Mama. Nisamehe. Na asante kwa kutanguliza uso.

Mungu akutunze huko, mpaka nitakapokushika mkono tena.

Ni mimi,
mutoto wako uliyemubeba.