Niliruka tangazo la mwaka 2006, sasa Mama Chibalonza anaitwa mwongo

Mama Aketch mpendwa, nakusihi haya yabaki kwetu wawili, na ukilazimika kuyasoma hewani usitaje mtaa wangu wala kanisa langu, na majina niliyoandika humu si ya wenyewe. Mimi ni karani wa miaka ishirini na minne, na viza yangu inategemea ofisi iliyoniajiri. Kazi yetu ni kutafuta siku ambazo kila mahali walisogeza saa mbele kwa ajili ya kiangazi na siku walizozirudisha nyuma, kisha tunatengeneza jedwali ambalo kompyuta hutumia kujua jambo la zamani lilitokea saa ngapi. Nilipewa Sydney. Miaka ile saa zilirudishwa Jumapili ya mwisho ya Machi, basi nikajaza miaka kumi na miwili kwa mkupuo mmoja bila kufungua tangazo la serikali la kila mwaka, kumbe mwaka 2006 walichelewesha wiki nzima, hadi tarehe mbili Aprili, kwa sababu ya michezo ya Jumuiya ya Madola kule Melbourne.

Wiki iliyopita, baada ya ibada, Mama Chibalonza, Mkongo tunayesali naye, alinipa barua akasema, "Mwanangu, weye umesoma, unielezee banasema nini." Mwaka huo alikuwa akitunza wazee. Mzee mmoja alifariki tarehe 28 Machi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa mwandiko wa daktari, na sasa watoto wake wamefungua faili upya. Mashine ya mlango wa nyumba ile, inayotumia saa ya kimataifa, iliandika saa aliyotoka mama, na jedwali langu likaigeuza kuwa saa kumi na mbili kamili, wakati kwa kweli ilikuwa saa moja. Kwa hiyo wanasema alimwacha mzee afe peke yake. "Nilimushika mukono mupaka akakata roho," akaniambia, "sasa banasema nilishaenda?" Chini ya ukurasa niliona jina la jedwali letu. Nikamwambia nitaisoma vizuri nyumbani.

Nilimweleza Wainaina, msimamizi wangu, ambaye ndiye aliyetia sahihi kwenye jedwali. Akacheka. "Kijana, utarekebisha polepole Oktoba tukitoa jedwali jipya, na ufunge mdomo. Ama unataka kurudi kwa mamako na begi moja?" Nina hasira naye, nina hasira na wanakwaya walioacha kukaa benchi moja na mama huyu, na mimi mwenyewe sijitazami kwenye kioo. Mama anahojiwa Alhamisi. Nifanye nini? Usinipigie, Wainaina anakaa meza ya pili. Tuma ujumbe baada ya saa kumi na moja jioni, useme unatoka maktaba.

MAMA AKETCH ANAJIBU

Karani, sitajifanya maktaba. Nimeficha mtaa na kanisa kama ulivyoomba, lakini kukusaidia kumkwepa Mama Chibalonza sitafanya.

Wainaina ni mtu wa hovyo, na hasira yako kwake ni halali. Lakini si yeye aliyeitwa mwanangu akapewa barua mkononi. Ulijua jibu ukiwa umesimama mbele ya mama huyo, ukamwacha aende nyumbani akijiuliza kama kumbukumbu yake imeharibika. Hilo usimbebeshe msimamizi.

Oktoba ni ya Wainaina. Wewe una hadi Alhamisi. Tangazo la 2006 ni la umma, liko maktaba ya jimbo, kwa hiyo huna haja ya kuchukua hata karatasi moja ya ofisini. Piga nakala. Andika kwa jina lako kwamba wewe ndiye uliyejaza tarehe ile bila kuihakiki, utie sahihi. Kuhusu viza, kesho asubuhi mwone wakili wa uhamiaji, wale wa bure wapo, na usimuulize binamu wa rafiki yako. Huenda ukapoteza kazi. Unaogopa, na una haki ya kuogopa, ila uoga wako umelipiwa na mtu mwingine tangu Jumapili.

Leo ukitoka kazini panda treni hadi kwa Mama Chibalonza, umwambie ana kwa ana. Akikufokea, kaa palepale amalize. Kisha umuulize Alhamisi umpitie saa ngapi.