Feni Aliyoiharibu Baba

Jumatatu, 3 Machi
Matangazo sita ya spika za soko la Bwera. Misiba miwili, chanjo, mbuzi aliyepotea Nyakiyumbu. Nimerekodi mawili tu. Kompyuta inanguruma.

Jana ilikuwa imejaa vumbi la maganda ya kahawa kutoka kwa jirani anayekoboa, lakini ilikuwa kimya. Nikaenda kanisani. Baba akaibeba hadi kwa Kule, fundi wa tairi, akaipuliza kwa kompresa. Kompresa ya matairi ya lori! Kule anasema feni ya ndani ilizunguka hadi ikapiga mluzi, Baba akacheka. Mgodini Kilembe, alikofanya kazi, walisafisha kila kitu kwa upepo, basi naye hajui njia nyingine. Nimemfokea. Kanijibu, "Iko safi. Wewe mutoto hukosi la kusema."

Safi! Jumatatu ijayo anapasuliwa koo. Watatoa sanduku la sauti lote. Wiki hii ndiyo nilitaka kumrekodi.

Jumanne, 4 Machi
Nimejaribu kwa simu. Sauti kama ya mtu aliye ndani ya debe. Nimeifuta. Kazi yangu ni sauti za watu, halafu ya baba yangu niiweke hivyo? Sitaki.

Jumatano, 5 Machi
Kasese mjini, maduka manne. Feni ya saizi hiyo hakuna, nisubiri wiki mbili. Wa mwisho alitaka kuniuzia kompyuta nzima, tena akitabasamu. Nimerudi na miguu imevimba na hasira tele. Baba kauliza nimemletea nini. 

Ijumaa, 7 Machi
Blanketi juu ya kompyuta. Bado inanguruma. Godoro. Bado. Sauti yake imeshakwaruza, siku zinaisha, na yeye anakula mihogo kana kwamba hakuna kitu. Kichwa ngumu! Namchukia leo. Nimeandika na sifuti.

Jumamosi, 8 Machi
Nimefungua ubavu wa kompyuta, nikasimamisha feni kwa kalamu. Kimya. Ila bila feni inapata moto na kujizima baada ya dakika nne. Nimepima mara mbili. Dakika nne zinatosha. Nilimwandikia Baba kila kitu cha kusema kwa herufi kubwa: majina ya wajukuu, baraka, sala.

Nikampa ishara. Akaiona kalamu.

"Mashine haishikwi shingo hivyo! Nani alikufundisha? Upepo imekausha mafuta, basi. Ng'oa ile karatasi ya katikati. Chini iko kifuniko ya mpira. Tone moja ya mafuta ya cherehani. Moja, Felista! Si ya kupikia. Halafu zungusha na kidole, sikiliza."

Akaendelea. Mgodi, mafuta, vijana wasiojua kazi. Sikuweza kumkatiza, ningeharibu rekodi. Ikajizima. Hakuna mjukuu hata mmoja! Nikatupa kalamu ukutani. Nikamwambia ameiharibu mara ya pili. Sauti ikamkauka kabisa, hatukuweza kurudia.

Kompyuta ilipopoa nikaiwasha. Faili ipo. Ya nini?

Jumatatu, 10 Machi
Wamemwingiza chumba cha upasuaji saa nne. Kaka Yona yuko naye. Mimi nimebaki na matangazo, nayo yote yana mngurumo. Watu wa sokoni wanalalamika. Walalamike.

Alhamisi, 20 Machi
Baba amerudi jana. Bomba shingoni. Anaandika kwenye daftari, kwa ukali uleule.

Leo nilichukua mafuta ya cherehani ya Mama Biira anayeshona hapo mbele, nikaweka ile faili kwenye simu. Nikavaa spika ndogo masikioni. Karatasi ya katikati. Kifuniko ya mpira. Nikatia tone. Nilikuwa nimeshainamisha kichupa kwa la pili, akanifokea masikioni, "Moja, Felista!" Nikaacha. Nikalia kidogo, mafuta vidoleni.

Nikazungusha kwa kidole. Nikawasha. Feni haisikiki kabisa.

Nimerekodi matangazo yote manne mfululizo. Nilipoyasikiliza, kuna kitu nyuma ya sauti yangu. Kinaingia, kinatoka, taratibu. Nikageuka. Baba alikuwa amekaa mlangoni muda wote, anapumua kwa lile bomba.

Ningeweza kuyarudia. Nimeyapeleka sokoni hivyo hivyo.