Gari Liko Tayari, Mimi Ndiye Ninayelegeza Nati

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba usome mpaka mwisho ndipo unigombeze, maana najua utanigombeza na sitakulaumu. Mimi ni fundi wa magari, nilianza kushika spana kabla sijaota ndevu na sasa kichwa kizima ni mvi, na hata mke wangu wa miaka thelathini na sita ananiita Fundi, jina langu hulikumbuka siku akikasirika tu.

Tulijaliwa mtoto mmoja, binti, akasomea uuguzi na akapangiwa zahanati ya mbali sana, siku mbili kutoka pale lami inapoishia, huko ambako barabara ni alama za matairi ya aliyetangulia, na kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini kuchanja watoto. Zahanati ilikuwa na vani moja kuukuu, na alipokuja likizo akaja nayo, akaniambia, “Baba, nitengenezee liweze porini.” Nikaifanyia kazi siku tisa, nikainua springi, nikaongeza tangi la pili la dizeli, halafu, kwa kuwa kila nikifumba macho nilimwona mwanangu amekwama hana maji, nikachomelea keria ya chuma kinene juu ya paa, nikaifungia matairi mawili ya akiba, madumu manne ya maji, mawili ya dizeli na sanduku zima la spana, nikaona fahari kiasi cha kuwaita majirani waje watazame. Binti yangu akalizunguka lile gari taratibu, akaniuliza, “Baba, huoni kama juu kumezidi?” Nikacheka mbele ya majirani, nikamwambia, “Wewe dunga sindano, gari niachie mimi.”

Miezi minne baadaye gari lilipinduka kwenye ukingo wa korongo na binti yangu akafariki papo hapo. Mvua zilikuwa zimeanza, mito imejaa, wiki tatu hakuna gari lililopita kwenda wala kurudi, wenyeji wakamzika huko huko kwa heshima zote, na sisi wazazi wake tukalia hapa nyumbani bila kumwona. Njia zilipofunguka, dereva wa zahanati aliyekuwa naye siku ile akaja kutupa pole, na kabla hajaondoka akanivuta pembeni gereji, akasema, “Mzee, hili mama sijamwambia. Gari liliinama kidogo tu, kuinama kwa kawaida. Mzigo wa juu ndio uliolivuta.” Akaniambia pia kwamba lile gari bado lipo pale pale, limelala ubavu, na keria yangu haijapinda hata chuma kimoja, na yeyote anayekwenda kaburini lazima apite mbele yake.

Mshauri, ni mwaka wa tatu sasa na mke wangu anajua kwamba mtoto wake aliuawa na barabara mbaya. Yeye ni mshonaji, na macho yake yameingiwa na ile presha ya macho, kwanza alishindwa kutunga uzi kwenye sindano, sasa anakata kitambaa kwa kupapasa, na daktari amesema wazi kwamba kilichopotea hakirudi na kilichobaki kinakwenda. Ombi lake ni moja tu, aone kaburi la mwanawe kwa macho yake, asije akapelekwa akaambiwa lishike.

Nikanunua pikapu, na gari hilo nililichagua kwa akili zangu zote, injini ya dizeli ya zamani isiyo na mambo ya kompyuta, ambayo vipuri vyake utavipata hata kwenye kibanda cha njiani, chasi haina kutu, na magurudumu yote manne yanavuta. Maji nimeyafunga chini kabisa nyuma ya chumba cha dereva, matairi ya akiba mawili yamelala sakafuni, kuna koleo, kuna mabati ya kupitisha gurudumu kwenye mchanga, kuna pampu ya upepo na betri ya pili, na juu ya paa hakuna hata kamba. Mke wangu akapapasa paa akaniuliza, “Fundi, mbona hujaweka keria kama ile ya mtoto?” Nikamjibu, “Itakuja.”

Gari hilo limekuwa tayari tangu mwaka jana. Mara ya kwanza tulipotaka kuondoka nililegeza mkanda wa feni, nikasema injini inachemka. Mara ya pili nilimwaga mafuta ya breki kwa mkono wangu, nikamwonyesha lile tone chini. Mara ya tatu nililegeza nati ya bomba la dizeli ili hewa iingie, na mke wangu alikuwa ameshakaa mbele, amevaa gauni alilolishona kwa safari hiyo, mkoba mapajani, akakaa humo karibu saa nzima mimi nikijifanya natafuta ugonjwa, mpaka akasema, “Basi nishushe.” Sijawahi kumwona amechoka vile.

Juzi alikuja gereji akishika ukuta, akasimama mbele ya wateja, akasema, “Magari ya watu unayamaliza kwa siku moja, la kwetu linaingia mwaka wa pili.” Kisha akaniambia ameshaongea na kaka yake, yaani shemeji yangu, watakwenda na kile kigari chake wiki mbili zijazo kabla ya mvua, na mshauri, kigari kile kinagusa tumbo hata kwenye tuta la mbele ya shule, huko hakitafika na huenda wao wasirudi.

Nimewaza kumpigia dereva wa zahanati awaombe watu walikate lile gari la korongoni liwe vyuma chakavu kabla hatujafika. Na kuna jingine, sijamwambia mtu. Siku moja nikiwa nafunga gereji nilijikuta nahesabu miezi ambayo daktari alisema mke wangu ataendelea kuona, nikaona kwamba nikichelewesha mpaka mwakani tutapita mbele ya ile keria na mke wangu hataiona. Nilikaa chini nikalia, lakini kesho yake nati sikuikaza. Nifanye nini?

Ni mimi, Fundi.

JIBU

Fundi, pole. Kufiwa na mtoto wa pekee ni msiba, na wewe hata kumzika hukupata kumzika. Pole yangu ni ya dhati, basi ipokee kwanza, kwa sababu yanayofuata hutayapenda.

Mimi gari najua kupanda na kushuka tu. Kwa hiyo barua yako nilimpa dereva anayepeleka magazeti yetu kwenye njia za aina hiyo, mtu wa makamo, mcheshi kupita kiasi. Aliisoma akavua kofia. Akaniambia, “Mzigo ule juu unaweza kupindua gari. Ukingo nao unaweza kumomonyoka, gari likaenda lenyewe. Nani ajuaye? Ila ile keria ni kazi mbaya, usimfiche.” Sikufichi. Uliharibu kazi, na uliharibu zaidi pale mwanao alipokuuliza jambo la maana ukamcheka mbele ya watu. Lakini hukumtakia mabaya, ulikuwa baba mwenye hofu aliyerundika maji juu ya paa, na nadhani mwanao alilijua hilo, ndiyo maana akaondoka na gari bila ugomvi.

Hilo ni la jana. La leo ndilo linaloniudhi. Unasubiri mkeo apofuke ili upofu wake ukufae. Nimeliandika hivyo makusudi, ulisome kama lilivyo. Aliyekusubiri garini saa nzima na gauni jipya alikuwa anakuamini, na wewe ulikuwa chini ya boneti unamwibia macho yake, siku moja baada ya nyingine, na hizo siku hana nyingine. Umeandika vizuri kuhusu springi na chasi, ukurasa mzima. Kuhusu uchungu wa mkeo umeandika mistari michache.

Wazo la kulikata lile gari liache kabisa. Mkeo amefiwa kama wewe, ana haki ya kuona mahali pale palivyo, na watu wa huko wanajua kilichotokea. Unataka asikie kwa mgeni kando ya kaburi?

Ukimaliza kusoma hapa, nenda ukakaze ulichokilegeza, kisha liendeshe gari mpaka uridhike. Mpigie shemeji yako mwenyewe, umweleze kifundi kwa nini kigari chake hakiendi huko, na mwambie pikapu ni nzima na ilikuwa nzima siku zote. Atakutukana, msikilize. Halafu kesho asubuhi, mwanga ukiwa mzuri na mkeo anaweza kuuona uso wako, keti naye nyumbani, si njiani wala si gereji, umwambie yote kwa mdomo wako, habari ya keria, na swali aliloliuliza mtoto na jinsi ulivyomjibu, na mkanda, na breki, na ile nati. Mwambie hata ile hesabu ya miezi. Ndiyo, hata hiyo. Ukiibakiza, utakuwa umesema ukweli nusu, na mtu aliyeishi nawe miaka thelathini na sita atausikia upungufu.

Usimwombe msamaha siku hiyo hiyo ili wewe upate kulala. Muda wa kusamehe ataupanga yeye, na huenda asiupange. Akilia, kaa hapo. Akinyamaza, kaa hapo pia, usijitie kwenda kutazama mafuta.

Akisema bado anataka mwende pamoja, ondokeni wiki hiyo hiyo. Akisema hawezi kukaa gari moja nawe, mkabidhi funguo, mtafutie dereva anayeijua ile njia, mwonyeshe kila kifaa kilipo, kisha ufungue geti wapite. Mama huyo aende akaone kaburi la mwanawe, uwemo garini au usiwemo.