Mgeni Asiyetakiwa na Mtu

Mama,

Hadi jana sikuwa nimemwambia mtu yeyote jambo hili: nilikuona ukiua.

Padri husema kanisani kwamba ulikufa umepiga magoti, ukiwaombea waliokukata. Wanawake hulia. Mimi huinamia kitabu changu.

Pasaka ile nilikuwa chini ya kitanda, nikisoma, kwa kuwa naona haya mbele ya wageni. Unanijua. Vijana wa misheni ya bara walikuja kusherehekea nasi, nawe ukampokea Anselmi, yule aliyemtoroka bwana wake Pangani. Mlikuwa mnakula. Wakaingia watu watatu wa bwana wake, wana mapanga.

"Bibi, tutolee mtumwa wetu. Nawe hatuna ugomvi."

Hukuinuka. "Mgeni wangu hajashiba."

Mmoja akaipiga teke sinia. Hapo ukashika mchi, ukampiga nao utosini. Nilisikia mfupa. Damu ikaurukia wali. Alipoanguka ulimpiga tena, Mama, na tena, huku ukimwambia Anselmi kwa sauti ile ile uliyokuwa ukiniamshia asubuhi, "Kimbia, baba, pita uani." Wale wawili wakakukata. Mkono kwanza. Halafu shingo. Halafu... siwezi. Uliangukia mlango wa uani, ukauziba kwa mwili wako, na walipokwisha kukusogeza Anselmi alikuwa amefika kanisani. Wakambeba maiti wao, wakaenda zao. Ndiyo maana hakuna aliyejua kwamba uliua, ila mimi na Anselmi.

Sasa Pasaka nyingine imekaribia. Jana baada ya misa sisi vijana tulikaa kwenye baraza ya shule kuchagua wenyeji. Desturi yetu ni ile ile: jina la mgeni huitwa, anayemtaka husimama, na akishasimama mgeni ni wake, liwalo na liwe. Wote walipata wenyeji. Likaitwa jina la Anselmi. Hakusimama mtu.

Petri, mwana wa seremala, akasema, "Anayemtaka huyo achimbe na kaburi kabisa." Wakacheka. Mwingine akataka apelekewe salamu abaki huko huko bara, peke yake, sikukuu nzima.

Nikasimama.

"We Tekla?" Petri akasema. "Hata kusoma unasoma kwa kunong'ona! Wakija, utawasomea?"

Wakacheka tena. Basi nikawaeleza ulivyokufa, tangu mwanzo. Nilipofika kwenye mfupa, kicheko kilikuwa kimekwisha. Petri alitazama chini. "Kumbe," akasema.

Padri atasikia. Na asikie. Nakuahidi, Mama, nitakutaja kama ulivyokuwa, hata wakinikataza. Pumzika sasa. Buriani.

Nilitoka pale barazani nikaenda kwa baba yake Petri kuomba komeo la mlango. Petri mwenyewe alikuja kulipigilia. Nikafagia uani, nikateka maji. Kitanda chako nilikitandika kwa ajili ya Anselmi. Kisha nikachukua mkeka wangu, nikauweka mlangoni.

Mwanao,
Tekla