Kwa Peterson Kingori Ngatia, Aliyetufungulia Maji Kanguu

Ni mwaka mzima leo, Kingori, tangu wanaume wanne walipokushusha kutoka msituni, Ijumaa ya tarehe 4 Machi 1977. Ndovu walikuwa wamekanyaga bomba la maji huko juu. Ulipanda kulitengeneza, na ukingo wa mto ukabomoka chini ya miguu yako. Ulikuwa na miaka ishirini na saba.

Wanaoikumbuka Kanguu kabla ya bomba wanajua ulichotufanyia. Tulikuwa na maduka saba, shule, zahanati na josho la ng'ombe, na maji yalikuwa mwendo wa saa mbili. Tulichimba mtaro kwa majembe yetu wenyewe. Siku maji yalipofika, watu walipigania ndoo hadi Gicheru wa upande wa chini akang'oka jino. Ndipo kamati ikakupa wewe spana ya valvu kubwa, kwa kuwa ulikuwa mtu wa maneno machache.

Jumatatu na Alhamisi ulifungulia upande wa juu, kwetu. Jumanne na Ijumaa, upande wa chini. Jumatano shule na zahanati, Jumamosi soko. Jumapili uliacha tangi lijae, ukaenda kanisani kwa koti lako la kahawia, mfuko ukining'inia kwa uzito wa ile spana.

Ulikuwa mpole. Kila Jumanne ulimbebea Mzee Simeon, asiyeona, debe lake hadi mlangoni, na hukumwambia mtu. Chai uliinywa ukiwa umesimama. Mkeo Watiri alikuambia kiti hakiumi. "Nikikaa nitasahau zamu ya mtu," ukamjibu.

Lakini zamu ilikuwa zamu. Jumanne ile ya mwisho, mama yako alikuwa na miche mia mbili ya kabeji iliyoanza kunyauka. Ana diploma ya kilimo, alijua haitafika Alhamisi. Akakufuata kwenye valvu.

"Baba," akakuambia, maana una jina la baba yake, "nifungulie nusu saa tu."

"Mama, siku yako ni Alhamisi. Leo ni ya watu wa chini."

"Ati siku yangu? Si mimi ndiye nilikuzaa?"

"Ulinizaa Jumatano, mama. Hata hiyo si siku yako."

Waliokuwa wakichota maji walicheka. Mama yako hakucheka. "Basi kaa na maji yako," akasema, "na usikanyage kwangu."

Alhamisi ulifungua maji kwa wakati wake. Kisha ukapita mlangoni kwake, ukapiga hodi. Alikusikia, akanyamaza. Ijumaa ukaletwa umebebwa.

Tulikuzika Jumanne. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya kufungua bomba, na kufikia saa nne asubuhi mapipa yetu yalikuwa makavu, chai haijapikwa. Gicheru akaja na spana yako mkononi.

"Mama Kingori, nimekuja kuwafungulia maji."

"Leo si siku yetu."

"Najua. Ni yetu. Tumeongea huko chini. Hakuna mtu atachota hata kikombe mpaka tumalize kumzika."

Mama yako hakuwa amelia mbele ya watu tangu Ijumaa. Alilia hapo, kando ya mapipa.

Kamati ilimwachia yeye spana. Mwaka huu wote hajachelewesha zamu, wala hajampa mtu dakika ya ziada, Gicheru akiwemo. Wanaonung'unika anawaambia waende wakakuulize wewe.

Kuna mambo mawili anataka ujue. Ile miche ilikauka yote, na bado ulikuwa na haki ya kumnyima maji. La pili, yale maneno ya Jumanne ameyafuta, mbele ya kila anayesoma tangazo hili. Alipaswa kuyafuta Alhamisi, ulipopiga hodi.

Unakumbukwa na baba yako Ngatia, mama yako Magdaline Wachuka, mkeo Watiri, binti yako Wachuka mdogo, ambaye anajifunza siku za wiki kwa zamu za maji, ndugu yako Wahome anayeishi Skuta, na watu wote wa Kanguu, wa juu na wa chini.

Daima tutakukumbuka, siku zetu na zisizo zetu.

Waridi tulilopanda kaburini kwako limeanza kulegea kwa jua. Lakini leo ni Jumamosi, zamu ya soko. Mama yako atalimwagilia Jumatatu.