Mguu wa Mama Yako

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha mikate,
Jumatano, mchana.

Mpendwa mwanangu Bi Sindano,

Pokea salamu zangu mimi mama yako mdogo. Hujambo huko ugenini? Unalala vizuri, unakula ukashiba, au unahudumia wagonjwa mpaka unasahau una tumbo? Mimi sijambo, isipokuwa hiki kiuno kinachonikumbusha umri kila nikiinama kufua. Mama yako naye atakwambia ni mzima. Usimsadiki.

Naandika kwa sababu simu ya nyumba hii anailalia yeye, na nikiisogelea tu ananitolea macho. Barua nampa jirani yetu dereva wa lori, anakuja huko kesho.

Ni hivi. Kile kidonda cha mguuni ulichokuwa ukimsafisha kila likizo hakijapona. Kilikuwa kikizidi kula kuelekea vidoleni, na kwa kisukari alichonacho unajua mwenyewe mwisho wake. Uliposema likizo hii unakwenda kujitolea, akakwambia kimekauka. Uongo mtupu. Hataki kiguswe na mtu isipokuwa wewe. Nikimpelekea maji ya chumvi na chachi, anaufunika mguu kwa shuka kama mtu anayeficha chakula, anasema, "Nina muuguzi wangu, atakuja." Atakuja lini, hasemi. Sikio la kufa halisikii dawa, na mimi nimechoka kuliimbia.

Kinachonichoma zaidi ni majigambo. Fundi cherehani wa hapa jirani akipita, mama yako anamkalisha kitako amsimulie jinsi binti yake anavyofunga vidonda vya watu katika nchi za watu. Huku chake kinanuka chini ya meza. Nilijua mganga hajigangi, sikujua kwamba na mama wa mganga haguswi.

Sasa sikia. Wiki iliyopita walikuja hapa wageni wa kujitolea kama ninyi, wakafungua kliniki ya bure kwenye ukumbi wa shule. Nikampeleka kwa hila, nikamwambia mimi ndiye ninayeumwa, anisindikize nikaonyeshe kiuno. Msichana mmoja wa kundi lile, mdogo kwako, asiyejua neno la lugha yetu zaidi ya "pole", alimwona anavyochechemea. Akapiga magoti mbele yake, akanyoosha mikono. Mama yako akafungua kitambaa mwenyewe, akampa mguu. Hivi hivi tu. Akatulia mpaka akasafishwa na kufungwa, na tangu siku ile akawa anakwenda asubuhi na mapema bila kusukumwa na mtu.

Nilikasirika, mwanangu, sikufichi. Mimi niliyetoka naye tumbo moja, ninayemfulia na kumpikia, nanyimwa, halafu mgeni wa jana anapewa. Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza nina ubaya gani naye. Akasema, "Yule naye ana mama yake anayemsubiri. Nimempa mguu wangu ili na huko wasimnyime mwanangu."

Nilibaki na hasira zangu, sina pa kuzipeleka.

Kidonda kimeanza kuota nyama mpya. Lakini daktari wao alituonya, na mkalimani akarudia asije mtu akasema hakusikia: kisiposafishwa kila siku, mguu utakatwa. Na wageni wenyewe wameondoka leo asubuhi. Nikabeba karai langu, nikamfuata chumbani. Akavuta shuka. Anakusubiri wewe.

Sikuiti nyumbani. Najua utaacha nini ukija, na yeye mwenyewe hatakusamehe ukiwatupa wagonjwa wa watu. Ninachoomba ni kidogo. Barua hii ikikufikia, usiiweke. Mpigie papo hapo.

Kaka yako anakusalimu, na mkewe pia, ambaye amejifungua juzi juzi na anataka umwone mtoto kabla hajaanza kutambaa. Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako, na wote unaowagusa wapate nafuu.

Basi mpigie, mwanangu. Mwambie ni amri ya muuguzi wake kwamba mguu anipe mimi. Maji nayapasha kila siku, chachi ninayo. Kilichobaki ni ruhusa yako.

Wako akupendaye hata akiwa amenuna,
Mama yako mdogo